Kipimo cha mkojo pekee hakitawaokoa wajawazito wa Timboroa

MJA MZITO wa Timboroa anapozidiwa na kifafa cha mimba usiku, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret iko zaidi ya kilomita 50 kutoka kwake. Ndiposa swali kama hatari hiyo inaweza kubashiriwa kupitia mkojo si la wanasayansi pekee.

Kipimo kilichozoeleka katika zahanati zetu ni kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi kikikuta protini. Ni rahisi na cha bei nafuu. Hata hivyo, protini huonekana wakati figo tayari zimeathirika. Yaani, kipimo hicho huthibitisha maradhi badala ya kuyabashiri. Isitoshe, baadhi ya wanawake hupatwa na kifafa bila protini kuonekana. Ni sharti, basi, mkojo upimwe pamoja na shinikizo la damu, ambalo likifika 140/90 baada ya wiki 20 za ujauzito ni ishara ya hatari.

Watafiti nchini Marekani wamejaribu kipimo kingine kinachotumia rangi nyekundu kutambua protini zilizoharibika umbo katika mkojo. Matokeo yanatia moyo, lakini kipimo hicho hakijawa cha kawaida katika kliniki zetu.

Kinachosahaulika ni kwamba kinga ipo. Mnamo 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wanawake walio katika hatari kubwa wapewe miligramu 75 za aspirini kila siku kabla ya wiki ya 20, ikiwezekana tangu wiki ya 12. Wanawake hao hutambuliwa kwa maswali: je, aliwahi kuugua hivyo? Ana kisukari au maradhi ya figo? Amebeba pacha? Maswali haya hayahitaji maabara. Yanahitaji mama afike mapema, ilhali wengi huanza kliniki baada ya miezi mitatu.

Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine za kupima presha. Hao ndio wanaoweza kumfikia mwanamke nyumbani, kumuuliza maswali hayo na kumhimiza kumwona daktari kabla muda wa kinga haujapita.

Wasipotumiwa hivyo, hata kipimo bora zaidi cha mkojo kitamkuta mama amekwisha kuchelewa.