Mwani Katika Tangi Changa la Matumbawe

Mtu anayejaza maji ya chumvi katika tangi la kioo, akapanga mawe na mchanga, akawasha taa na kutia samaki wake wa kwanza, kwa kawaida hustarehe kwa majuma machache tu. Kisha kioo huanza kuvaa utando wa rangi ya kahawia. Baada ya hapo mawe huota nyuzi za kijani mithili ya nywele. Na mara nyingine mchanga hufunikwa na ukoga mwekundu wenye vipovu. Hapo ndipo mwenye tangi hukimbilia dukani kutafuta dawa. Maoni yanayotolewa katika makala haya ni kwamba haraka hiyo ndiyo kosa kubwa kuliko yote katika ufugaji wa matumbawe, na kwamba hasara yake haiishii ndani ya kioo.

Yafaa kwanza kueleza jambo linalotendeka. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ina madhara. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti. Makundi ya bakteria hao huhitaji majuma kadhaa, aghalabu manne hadi sita, kabla ya kuenea vya kutosha katika mawe na mchanga. Nitreti haimwui samaki upesi, lakini ni mbolea, ya jamii ile ile ambayo mkulima huinunua kwa magunia. Ukiongeza fosfeti iliyomo katika chakula cha samaki, mwanga wa saa nyingi, na mawe matupu ambayo hayajapata mkaazi, shamba limekwisha kutayarishwa. Mbegu hazihitaji kutafutwa, kwani huja zimejificha katika jiwe, katika gamba la konokono au katika tone la maji alimokuja samaki.

Utando wa kahawia unaotangulia kwa kawaida ni wa diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea magamba kwa silika. Silika hiyo hutoka katika maji ya bomba au katika mchanga mpya. Ikipungua, utando hupungua wenyewe bila ya mtu kufanya lolote. Nyuzi za kijani ndizo mwani halisi. Ama ule ukoga mwekundu si mwani hata kidogo, ijapokuwa wengi huuita hivyo: ni sayanobakteria, na baadhi ya jamii zake huweza kujipatia naitrojeni kutoka katika hewa iliyoyeyuka majini. Ndiyo sababu hustawi hata pale ambapo nitreti imekwisha, na kumshangaza mfugaji aliyepima maji yake akayaona safi. Mfuatano huu haumstaajabishi mtu aliyekulia shambani, kwa maana ardhi iliyofyekwa ikaachwa wazi huota magugu kwanza, kisha vichaka, na miti huja mwisho.

Dawa zinazotiwa katika matangi haya ni za namna nyingi. Wako wanaotumia mrututu, ambao huua mwani na kuua pia konokono, kamba na matumbawe yenyewe, hata ukitiwa kidogo. Wako wanaotumia erithromaisini dhidi ya ukoga mwekundu, na flukonazoli dhidi ya baadhi ya nyuzi za kijani. Ya kwanza ni dawa ya kutibu maradhi ya bakteria kwa binadamu, na ya pili ni ya kutibu maradhi ya kuvu. Kumwaga dawa za wagonjwa katika pambo la sebuleni, kisha kuyamwaga maji hayo katika mfereji, ni jambo linalostahili kukemewa bila ya kigugumizi, hasa wakati huu ambapo bakteria wanazidi kuwa sugu kwa dawa tulizonazo. Lakini hata kama mtu hajali hilo, dawa haimtimizii haja yake. Mwani ni ghala: naitrojeni na fosforasi iliyokuwa majini sasa imo katika nyuzi zake. Ukiuawa mahali pale pale ulipoota, huoza, na vyote ulivyovihifadhi hurudi majini, huku bakteria wanaouozesha wakiimaliza oksijeni. Baada ya majuma machache mavuno mapya huota juu ya mbolea ya mavuno ya zamani, na mwenye tangi hurudi dukani.

Kuung'oa kwa mkono na kuutoa nje ni jambo tofauti kabisa. Walter Adey, mtaalamu wa mwani wa Taasisi ya Smithsonian nchini Marekani, alilijengea wazo hili tangi zima la matumbawe, ambalo watu walianza kulitazama katika jumba la makumbusho la Washington mwaka 1980. Maji ya tangi lile yalipitishwa juu ya nyavu bapa zilizomulikwa kwa taa kali, na mwani mfupi uliachwa uote hapo kwa hiari yake. Kila ulipostawi ulikwanguliwa na kutupwa. Kwa njia hiyo mwani ulipewa shamba lake nje ya tangi, ukala mbolea yote, na matumbawe yakabaki na mawe yao. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako mwani umekuwa zao la biashara tangu mwaka 1989, hawangeliona hilo kuwa uvumbuzi mkubwa. Wanajua kwamba mwani ni mali inayotoka majini, na kwamba kinachovunwa hakibaki baharini. Mwenye tangi dogo asiye na nyavu wala taa za Adey anaweza kupata sehemu ya faida ile ile kwa vidole vyake, mswaki mgumu na mpira wa kuvutia maji.

Wapo wafugaji wanaokwenda upande wa pili, wakajitahidi kuondoa nitreti na fosfeti hadi kipimo kisomeke sifuri. Kweli, maji ya bahari yanayozunguka miamba ya matumbawe ni maskini mno. Fosfeti yake kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa lita. Walakini umaskini si utupu. Bahari haikomi kuyapitishia matumbawe maji mapya na vijidudu vya kula, jambo ambalo tangi haliwezi kulifanya. Tena ndani ya nyama ya matumbawe mengi yajengayo miamba huishi viumbe vidogo vya jamii ya mwani, ambavyo hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Navyo pia vinahitaji fosforasi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba matumbawe yaliyopata nitreti nyingi huku fosfeti ikiwa haba yalikuwa mepesi zaidi kupauka yalipopatwa na joto na mwanga mkali. Kwa hiyo anayeliadhibu tangi lake kwa njaa ili aukomeshe mwani huenda akawa anamwadhibu yule aliyekusudia kumlinda.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi, nayo huonekana kuwa ya kimaumbile kuliko nyingine: kununua walaji. Mwenye tangi huambiwa atie kangaja au tasi, au konokono ishirini, nao watalifyeka shamba. Hakuna anayeweza kukanusha kwamba walaji ndio wanaoiweka miamba ya matumbawe katika hali yake. Ushahidi mkubwa ulitoka katika Bahari ya Karibi. Mwanzoni mwa mwaka 1983, karibu na mlango wa Mfereji wa Panama, wanyama wenye miiba mirefu mieusi waitwao Diadema walianza kufa kwa maradhi ambayo hayakutambulika. Katika muda wa mwaka mmoja hivi maradhi yalienea karibu katika bahari ile yote, na mahali pengi walikufa zaidi ya asilimia 90. Huko Jamaika samaki walaji wa mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, na kimbunga cha mwaka 1980 kilikuwa kimeivunja miamba. Diadema ndiye aliyekuwa mfyekaji wa mwisho. Terence Hughes alieleza mwaka 1994 kwamba matumbawe yaliyo hai, yaliyokuwa yamefunika asilimia 52 ya miamba aliyoichunguza mwaka 1977, yalishuka hadi asilimia 3, na mwani ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 92.

Habari hiyo husimuliwa sana na wauzaji wa samaki wa mapambo, lakini husimuliwa nusu. Pwani ya Kenya inatoa nusu ya pili. Huko Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, katika utafiti walioanza miaka ya 1980, waligundua kwamba katika miamba iliyovuliwa sana wanyama wa miiba wa aina nyingine, wadogo kuliko Diadema, walikuwa wengi kupindukia, kwa sababu kikande anayewala alikuwa amevuliwa. Hao hawakuleta nafuu. Waliguguna mawe yenyewe na kuidhoofisha miamba, wakati ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu mwaka 1968, idadi yao ilikuwa ndogo. Mlaji ana kipimo chake, na kipimo hicho huwekwa na wengine wanaomla au wanaoshindana naye. Tangi la lita 200 halina kikande wa kuweka kipimo, wala halina malisho ya kudumu. Kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni, anayevuliwa hai katika Bahari ya Hindi na kusafirishwa kwa ndege, huzidi sentimita 20 akikomaa na huhitaji nafasi kubwa ya kuogelea. Akitiwa katika tangi la mwezi mmoja, humaliza nyuzi laini, huziacha zile ngumu asizozipenda, hulishwa chakula cha pakiti, na mavi yake huwa mbolea mpya. Mara nyingi hushikwa na maradhi ya madoa meupe akafa. Mwani umerudi, na mwamba mmoja wa Bahari ya Hindi umepungukiwa mfyekaji aliyekuwa na kazi ya kufanya.

Hii ndiyo hasara isiyoishia ndani ya kioo. Biashara ya samaki wa mapambo ikiendeshwa kwa kiasi huwapatia wazamiaji wa pwani riziki ya halali, na si haki kuilaani yote. Lakini samaki anayenunuliwa awe fagio, na kubadilishwa kila anapokufa, ni matumizi mabaya ya kiumbe ambaye miamba iliyokwisha kupaushwa na joto la mwaka 1998 na la mwaka 2016 inamhitaji kuliko sebule yoyote.

Linalotakiwa kwa tangi changa ni dogo na linachosha. Maji yachujwe kwa utando wa kuondolea chumvichumvi za bomba kabla ya kutiwa chumvi ya bahari. Samaki asitiwe hadi amonia na nitriti zisionekane tena katika kipimo. Halafu aingie mmoja, na alishwe kile anachokimaliza kwa dakika chache. Taa ziwake saa nane badala ya kumi na mbili. Sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe kila juma, na nyuzi zing'olewe siku hiyo hiyo wakati maji yanavutwa, ili vipande vitoke pamoja nayo. Konokono wachache wanatosha. Chombo cha kuengua povu husaidia, ingawa bei yake huwafanya wengine wadhani kwamba kinaweza kufidia ulishaji wa kupita kiasi. Kati ya mwezi wa nne na wa kumi na mbili, kwa kawaida, mawe huanza kupata mabaka magumu ya rangi ya waridi na zambarau. Huo nao ni mwani, ule unaojijengea chokaa, na pale unapotanda nyuzi za kijani hupata shida ya kushika mizizi.