Mtoto Aliyechungulia Kanisani

Wako wenzetu ambao, wakitazama filamu za vijiji vya Uingereza vya enzi za Malkia Victoria (1837-1901), huvutiwa mno. Kengele za kanisa, maua bustanini, kasisi mwema akiwagawia maskini supu! Husema zamani watu waliishi kwa amani. Mimi siwaungi mkono. Kimya si amani.

Shahidi wangu ni Joseph Arch, aliyezaliwa mwaka 1826 kijijini Barford, jimbo la Warwickshire. Babaye alikuwa mchunga kondoo. Akiwa na umri wa miaka saba, Arch alitoka kanisani, akamwacha babaye akingoja Meza ya Bwana, kisha akatia jicho kwenye tundu la ufunguo. Aliona nini? Kwanza alikwenda bwana mwenye ardhi, peke yake. Wakafuata wakulima wakubwa, kisha wenye maduka na mafundi. Mwisho kabisa wakaenda vibarua wa mashamba, babaye miongoni mwao, na hakuna mwingine aliyepiga magoti pamoja nao. Kikombe kilikuwa kimoja, lakini Wakristo walikuwa wa daraja nyingi.

Hayo yalitukia miaka michache kabla ya Victoria kutawazwa, ila desturi hiyo haikufa upesi. Arch alikumbuka pia wanawake maskini wakimwinamia mke wa kasisi kabla ya kuketi. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, alifukuza ndege shambani saa 12 kwa siku, kwa ujira wa peni nne.

Sisemi makasisi wote walikuwa hivyo. Edward Girdlestone, wa parishi ya Halberton katika Devon, tangu mwaka 1866 aliwasaidia vibarua kuhamia penye mishahara bora, na wakulima wakubwa wakamchukia. Lakini wa namna yake walikuwa wachache.

Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi wa Februari 1872, chini ya mti kijijini Wellesbourne, Arch aliwahutubia vibarua, na chama chao kikazaliwa. Mwaka 1884 wengi wao wakapata kura. Mwaka 1885 Arch akaingia Bungeni.

Watu hao hawakukosa supu tu, walikosa heshima. Na msaada unaomdai mtu goti lake, kwangu mimi si msaada.

Basi, ndugu msomaji, ukikiona tena kijiji kile kizuri katika filamu, usiridhike na mlango wa mbele. Tia jicho kwenye tundu la ufunguo.