Rashasha ya Bandia Isitembezwe Hadharani

Bunduki za bandia zirushazo vidonge vya plastiki vya milimita 6 zilianzia Japani katika miaka ya 1970, kwa kuwa sheria kali za nchi hiyo ziliwanyima raia silaha za kweli. Mojawapo ni rashasha: nzito, ya kubebwa begani kwa mkanda, iliyoigizwa kwa ufundi hata askari aliye hatua hamsini hawezi kuitofautisha na ya vita.

Mtu mzima hana la kulaumiwa kwa kupenda mchezo. Lakini na aibebe Kasokola, wilayani Mpanda, aone! Mkoa wa Katavi umesumbuliwa na magobole ya majangili. Huko Katumba wamo wazee waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Hao bunduki hawakuijulia kwenye sinema. Naye mgambo akikutana nayo gizani hatauliza kwanza kama ni plastiki, na ni nani atakayemlaumu?

Anayetaka kuiingiza nchini awaulize polisi mapema, asingoje kuulizwa. Njiani ifungwe mfukoni, na ofisi ya kata ijulishwe siku na mahali pa mchezo.