Deni la Naples

Wapo wanaoamini kwamba mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaosimuliwa kwa kuimbwa, anaporekodi upya wimbo wa mapenzi uliokwisha kuvuma redioni, huwa ameshusha hadhi yake ili kutafuta soko. Historia ya "Caruso", wimbo uliotungwa na Lucio Dalla wa Bologna mwaka 1986 na baadaye kurekodiwa na mwimbaji wa opera Luciano Pavarotti, inaonyesha kuwa anayedaiwa hapo si mwimbaji wa opera.

Dalla aliutunga mjini Sorrento, katika hoteli alimokaa Enrico Caruso mwaka 1921, muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 2 Agosti akiwa na miaka 48. Caruso, mzaliwa wa Naples, alikuwa tenori, jina wanaloitwa waimbaji wa kiume wenye sauti ya juu, na katika santuri zake nyimbo za opera zilikaa pamoja na nyimbo za mapenzi za mitaa ya kwao. Hata kiitikio cha Dalla kimetokana na "Dicitencello vuje", wimbo wa Naples wa mwaka 1930, kwa hiyo Pavarotti alipoimba "Caruso" alikuwa akiirejesha mali kwa wenyewe.

Hata hivyo, kurithi wimbo hakutoshi kuutendea haki. Sauti ya opera hufunzwa kuipenya okestra bila kipaza sauti, kwa kukusanya nguvu zake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, ambako ala nyingi huwa zimefifia. Dalla, aliyekitegemea kipaza sauti, aliweza kusimulia beti za wimbo huo, zinazohusu siku za mwisho za Caruso, kwa sauti ya kukwaruza, mithili ya jirani anayemchungulia mgonjwa dirishani. Pavarotti anapofika kwenye kiitikio, jirani huyo hutoweka, na anayesikika ni mgonjwa mwenyewe, ila kwa pumzi za mtu mwenye afya tele, ilhali Caruso aliugua utando wa mapafu.

Safu hii haioni kasoro hiyo kuwa sababu ya kuikataa rekodi ya Pavarotti. Anayetaka kuyaona mauti yakikaribia amsikilize Dalla. Anayetaka kujua mauti yaliondoka na nini, amsikilize Pavarotti.