Kinga mingi barabarani: tunajulisha, hatuombi ruhusa



Tangu wazo la kupanda kinga wengi pamoja katikati ya mji lianze kuzunguka kwa vijana, tunaulizwa maswali mawili tu. La kwanza: "Mu Bukavu hii, na milima yote hii, nani ataweza?" La pili linasemwa kwa sauti ya chini kidogo: "Na ruhusa, mumeshapata?"

La kwanza ni la miguu na mapafu, tutalijibu bila kukawia. La pili njo linatufanya tuandike.

Tuseme kwanza tunaongelea kitu gani. Watu wanakutana mahali pamoja, saa inayojulikana, kila mtu na kinga yake (baiskeli, kwa ndugu wanaotusoma toka Tanzania na Kenya). Wanapanda pamoja, polepole, wanapita njia kubwa za mji, kisha kila mtu anarudi kwake. Hakuna mshindi, hakuna namba mgongoni, hakuna kombe. Si mashindano na si défilé.

Desturi hiyo ilianza San Francisco, Marekani, mwezi wa 9 mwaka 1992, na watu karibu 50 tu. Leo inafanyika mu miji mingi ya dunia, na wengi wanaiita Critical Mass. Jina hilo lina hadithi ambayo inatupendeza. Linatoka mu filamu moja ya wakati ule, ambamo Mmarekani George Bliss anaeleza kitu alichokiona China. Kwenye njia panda zisizo na taa, mtu wa kinga peke yake hawezi kukatisha, ju magari hayamngoji. Basi anasimama. Anakuja wa pili, wa kumi, wa ishirini. Wakishakuwa wengi wa kutosha, wanasukuma wote kwa mara moja, na magari njo yanasimama.

Mtu wa Bukavu hana haja ya kwenda China ili aelewe. Angalia mama mwenye mzigo mgongoni anavyotaka kukatisha barabara pale Nyawera saa ya jioni. Akiwa peke yake wanampigia honi, wengine wanamtukana. Wakiwa kumi, motari anakanyaga freni. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya mama mmoja na mama kumi. Ni hesabu tu.

Karibu na sisi, Nairobi wanapanda hivyo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, katikati ya matatu na malori, na si kwamba barabara zao zina huruma kuliko zetu. Kigali wana njia nyingine: tangu 2016 kuna Jumapili ambazo serikali yenyewe inafunga barabara asubuhi ili watu watembee, wakimbie, wapande kinga. Tunajua kutaja jirani huyo kunawauma wengine kati yetu, na wana sababu. Tunataja ili tofauti ionekane. Kule mwenye kufunga barabara ni mkubwa, na siku akichoka ataifungua. Nairobi ni raia wanaokuja wenyewe, na mwezi unaofuata wanarudia. Sisi tuko upande wa Nairobi.

Sasa milima. Ni kweli, mji wetu unakaa kwenye mita karibu 1,500, na toka ziwa mpaka Kadutu hakuna mtu atakudanganya kwamba ni tambarare. Lakini msafara wa namna hii unaenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho, si wa mtu wa kwanza. Mlima ukikaza, tunashuka na tunasukuma. Kusukuma si haya. Waulize wale wanaoingia mjini asubuhi na magunia ya makala juu ya kinga: wanasukuma kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kuwaandikia tangazo. Hao tunawataka mbele. Kisangani, kinga ya kubeba watu, toleka, imelisha familia nyingi sana. Goma waliinua mnara wa chukudu katikati ya mji, chombo cha mbao cha wabeba mizigo. Hapa kwetu mwenye kinga bado anaonekana kama mtu ambaye hajafaulu kununua moto. Kama siku ile wataonekana tu vijana wa Ibanda wenye kinga za bei, na kofia na miwani, tutakuwa tumefanya sinema.

Na wasichana. Tunajua maneno yanayorushwa msichana akipanda kinga mu kartie. Akiwa mmoja, maneno yanampata yote. Hesabu ya mama wa Nyawera inafanya kazi na hapo.

Tuje kwa ruhusa.

Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 26, inasema uhuru wa kuandamana unahakikishwa. Kisha inaweka sharti moja kwa wanaoandaa kitu barabarani ama mahali pa wazi: kumjulisha kwa maandishi mkubwa wa utawala anayehusika. Kumjulisha. Mwenye kujulisha anasema: tutapita, siku fulani, saa fulani, njia fulani. Mwenye kuomba anakaa kungoja jibu, na jibu lisipokuja anabaki nyumbani. Kati ya vitenzi hivi viwili njo uhuru wote unachezewa mu nchi hii. Kuna sheria ya mwezi wa 1 mwaka 1999, ya kabla ya Katiba, iliyoongelea ruhusa kwa mambo ya barabarani, na wako wakubwa wanaoipenda kuliko Katiba yenyewe. Lakini Katiba iko juu. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa droit analijua.

Mtu atasema: "Hiyo ni ya maandamano, nyinyi munaenda kucheza na kinga." Tungependa iwe rahisi hivyo. Tarehe 27 Agosti 2004, mu New York, siku chache kabla ya mkutano mkubwa wa chama cha Republican, maelfu walipanda kinga pamoja kama walivyozoea kila mwezi. Polisi ilikamata zaidi ya 250 usiku ule. Kwa miaka mingi mbele msafara ule ule ulikuwa unapita. Kinga hazikubadilika, ila siku ile wakubwa waliogopa kuona watu wengi barabarani ambao hawakuwaita wao.

London ilikwenda kwa njia ya mahakama. Kule wanapanda kila Ijumaa ya mwisho ya mwezi tangu 1994. Mwaka 2005 polisi iliwagawia waendeshaji barua za kuwaonya: mnatakiwa kutupa mapema tarehe, njia na majina ya waandaaji, ama mnavunja sheria. Mmoja wao alishtaki. Kesi ilipanda mpaka kwa majaji wa House of Lords, ambao wakati ule walikuwa juu ya mahakama zote za Uingereza, na mwezi wa 11 mwaka 2008 polisi ilishindwa. Sheria yao yenyewe ilikuwa imeacha nje misafara iliyokwisha kuwa desturi, na majaji waliona kwamba kitu kinachofanyika kila mwezi kwa miaka zaidi ya kumi ni desturi, hata kama njia haijulikani mapema na hata kama hakina mkubwa.

Kuna wenzetu waliosoma hiyo hukumu na wanatuambia: basi na sisi tusiandike kitu, tukutane tu, tupande. Tumewasikiliza, na hatukubaliani nao. Hukumu ya London haivuki maji kuja kukaa mezani pa meya wa Bukavu. Sheria yetu ni yetu, na katika jambo hili Katiba yetu inatosha: inataka barua, tutaandika barua. Asiye na barua anampa polisi sababu ya bure. Mwenye barua iliyopokelewa, na kopi yenye mhuri na tarehe mfukoni, anageuza swali: si sisi tueleze kwa nini tunapita, ni wao waeleze kwa nini wanatuzuia.

Tena barua inawapa kazi. Polisi ya barabarani, wale tunaita roulage, ikijua njia na saa, inaweza kusimama kwenye njia panda na kulinda watu. Hiyo ni kazi yao. Wasipokuja, tutafanya kama wanavyofanya Nairobi na kwingine: watu wawili wanasimama pembeni ya njia panda, wanazuia magari kwa mikono na kwa heshima mpaka wa mwisho apite, kisha wanaachilia. Mgonjwa anapita, daima. Msiba unapita, na sisi tunashuka kwenye kinga. Wamotari si adui zetu, wengi wao ni kaka zetu, na wao pia wanajua mashimo yale yale.

Maana mashimo nayo yako ndani ya jambo hili. Mkubwa ndani ya jeep, vioo vimefungwa, anapita Essence na hajui amepita nini. Mwenye kinga anajua kwa mifupa. Anajua pale mtaro umeziba na maji ya mvua yanachukua kipande cha barabara kila msimu, anajua pale waenda kwa miguu hawana hata futi moja ya kutembea, wanagawana lami na malori. Wengi wa mji huu wanatembea kwa miguu. Barabara za Ibanda, Kadutu na Bagira zinatengenezwa, zikitengenezwa, kama vile watu hao hawako. Mwendo wa kinga ni wa kutosha kuona mengi na ni mdogo wa kutosha kuhesabu. Kwa hiyo tunaomba kila kumi wawe na mmoja mwenye daftari: shimo liko wapi, mtaro gani, taa gani haiwaki. Orodha hiyo itaenda kwa meya, na kopi itabaki hapa ambapo kila mtu ataisoma.

Kifungu kile cha 26 kina mstari mmoja ambao watu wanausahau: hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Tunaukumbusha kwa makusudi, ju tunajua mashule yanavyotolewa barabarani kupiga makofi jua kali mkubwa akifika. Kwetu hakuna orodha ya waliokuja na waliokosa. Asiyetaka abaki nyumbani na amani.

Barua itakuwa na siku, saa, mahali pa kuanzia, njia yote na majina ya wanaojibu mbele ya utawala. Pendekezo letu ni kuanzia Place de l'Indépendance, asubuhi, kabla jua na magari havijakaza. Kadutu wanataka tupite sokoni kwao, na tunaona wana haki, hata kama itatuchelewesha. Kuhusu Bagira bado tunajadiliana, ju ya urefu na watoto. Barua ikipokelewa, kopi yenye mhuri itawekwa hapa pamoja na tarehe. Ikikataliwa kupokelewa, tutaandika hapa ilikataliwa saa ngapi na kwenye ofisi gani.

Kwa sasa, yule mwenye kinga inayolala nyuma ya nyumba aitoe. Matairi tutasaidiana, mafundi wako tayari kuja na pompe zao. Ila freni kila mtu atengeneze kabla ya kuja: kupanda tutasukuma, lakini toka Kadutu kurudi chini hakuna atakayekushikia kinga.