Sheha Achaguliwe, na Ardhi Iulizwe Wenyewe

Wenzangu mnaotoka Pemba, kila mwaka wa masomo ukianza tunaisaka barua ya sheha: ya mkopo, ya kitambulisho, ya hili na lile. Lakini wangapi tumewahi kuuliza huyu sheha kawekwa na nani? Kwetu Gando, kama shehia yoyote ya Unguja na Pemba, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Sisi hatupigi kura.

Mimi nasema achaguliwe. Na kama hilo ni zito, basi angalau ardhi ya shehia isibadilishwe matumizi mpaka wakaazi wakutane waseme ndiyo au hapana.

Maana sheha si wa barua tu. Ukiuza shamba, ukigombania mpaka, kwake ndiko unakoanzia. Na ardhi yenyewe kikaratasi si yetu. Tangu amri ya mwaka 1965 ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali. Babu zetu waliogaiwa eka tatu tatu walipewa kuitumia, na Sheria ya Ardhi ya 1992 nayo inatoa haki ya matumizi. Haya, hilo siligombi. Lakini kiambo, mikarafuu, mikoko wanakozalia samaki, vinaamuliwa kikao gani? Visiwa vidogo vimeshaanza kukodishwa wawekezaji. Zamu ikifika kwetu ataulizwa nani?

Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Iringa. Kwao, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. (Anakiri wapo wenyeviti wanaouza kimyakimya, ila angalau kuna kura ya kuwatoa.) Hata Kanada, sheria ya kikoloni ya mwaka 1876, ambayo haikuwa na huruma kwa wenyeji kama Waojibwe, ilitaka kura yao kabla ardhi waliyotengewa haijasalimishwa. Sheria ya kikoloni jamani!

Wazee wetu watasema: mnataka kutuletea uchaguzi mpaka mlangoni? Mmesahau baada ya 1995 watu walivyosusiana maduka na maziko? Hofu hiyo siidharau. Tumeihadithiwa na wengine tumeikuta. Ila sheha wa kuteuliwa hakutuepusha nayo. Mara ngapi tumesikia malalamiko ya watu kunyimwa barua za vitambulisho, na lawama zikaangukia masheha? Basi wagombee bila tiketi ya chama, wajulikane kwa kazi zao mtaani.

Na uwezo tunao. Sheria ya misitu ya 1996 inairuhusu jamii kufunga mkataba na serikali ikasimamia msitu kwa kamati yake yenyewe. Watu wanaoaminiwa na msitu mnawaogopea nini kwenye kura?

Likizo hii tukirudi, tuanze na jambo lisilohitaji sheria mpya: tumwombe sheha abandike skuli na msikitini kila ombi la ardhi linalopita mkononi mwake, kabla hajatia saini.