Asiyechagua Shina Si Mkulima

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe sina ugomvi nao. Lakini katika kuunga miche ya mboga nasema kinyume chake bila hofu: asiyechagua shina si mkulima, bali ni mcheza bahati nasibu.

Kuunga ni kukata kichwa cha mche mmoja na kukishikamanisha na shina lenye mizizi la mche mwingine ulio jamaa yake, hata vidonda vipone na miwili iwe mmoja. Kichwa hutupa tunda tulipendalo. Mizizi hupambana na maradhi ya udongo. Wajapani na Wakorea waliunga matikiti juu ya mimumunye tangu miaka ya 1920, ili kuuepuka mnyauko. Nao wakulima wa Kenya huunga karakara ya zambarau juu ya shina la karakara ya manjano kwa sababu iyo hiyo.

Wako wasemao, "Shina ni shina, mradi mche umeshika." La hasha! Mnyanya huweza kuuawa na bakteria, au na kuvu, au mizizi yake ikaharibiwa na minyoo isiyoonekana kwa macho. Shina limzuialo adui mmoja laweza kumpisha mwingine. Tena, mashina mengi ya nyanya yashindayo minyoo hiyo hupungukiwa na nguvu joto la udongo lipitapo digrii 28 hivi. Lililofaa Limuru laweza kushindwa Kilifi.

Basi mjue adui yako kwanza. Kata bua la mnyanya ulionyauka, ukitumbukize kipande chake katika bilauri ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, hao ni bakteria, wala hakuna dawa ya kuuponya mche huo. Msimu ujao tafuta shina la biringani lililojaribiwa, kama lile liitwalo EG203, lililopendekezwa na Kituo cha Mboga cha Dunia kilichoko Taiwan.

Wengine watalalamika kuwa miche iliyoungwa ni ghali. Ni kweli, kwani hutumia mbegu mbili na mikono mingi. Lakini shamba lililonyauka lote ni rahisi? Waliotegemea kuua kila kitu udongoni kwa gesi ya methili bromidi waliharibu pia tabaka la ozoni, hata mataifa yakaafikiana kuiacha. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015, isipokuwa kwa matumizi machache.

Wala shina bora lisiwe kisingizio cha uvivu. Usifukie mahali palipoungwa, maana kichwa kikigusa udongo kitatoa mizizi yake chenyewe, na maradhi yatapita humo. Badilisha mazao pia: leo nyanya, kesho mahindi, kwa kuwa maradhi nayo hujifunza njia mpya.

Ewe kijana, kesho utakabidhiwa shamba. Watu watakusifia tunda. Wewe uliza habari za mizizi.